Maswali ya Wasomaji: Kukusanya Vitabu vya Zamani Kuhusu Ugiriki na Roma ya Kale

Swali: Ninapenda historia ya Ugiriki na Roma ya kale na ningependa kuanza kukusanya vitabu. Hata hivyo, sijui Kigiriki wala Kilatini, na uwezo wangu wa fedha ni mdogo. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye vitabu utakavyovisoma. Mfululizo wa Loeb, ulioanzishwa na James Loeb mwaka 1911 na kuanza kuchapishwa mwaka 1912, unakufaa sana, kwa sababu ukurasa wa kushoto una maandishi ya asili na ule wa kulia una tafsiri ya Kiingereza. Vyenye jalada la kijani ni vya waandishi wa Kigiriki, na vyenye jalada jekundu ni vya Kilatini. Vilivyotumika huuzwa kimoja kimoja, kwa hiyo hulazimiki kununua mfululizo mzima.

Kabla ya kulipa, tazama jina la mfasiri na mwaka wa tafsiri, maana kitabu kimoja huenda kimetafsiriwa upya mara kadhaa. Tafsiri za mwanzo zilikuwa na haya nyingi. Katika kazi ya Martial, mshairi wa Kirumi, iliyotafsiriwa na Walter Ker na kutoka mwaka 1919 na 1920, mashairi yenye matusi yaliwekwa kwa Kiitaliano badala ya Kiingereza, lakini katika tafsiri ya D. R. Shackleton Bailey, iliyotoka katika mfululizo huo mwaka 1993, msomaji huyapata bila kufichwa. Anayemtaka Martial amsome anunue ya Shackleton Bailey. Anayechunguza jinsi watu wa mwanzoni mwa karne ya 20 walivyowapokea waandishi wa kale, basi ya Ker ni hazina.

Nakushauri pia ujiwekee mpaka mapema. Rafu moja ya mwandishi mmoja, yenye matoleo ya nyakati mbalimbali na tafsiri zinazopingana, itakufundisha mengi kuliko chumba kilichojaa vitabu vilivyookotwa huku na huku kwa sababu tu vilikuwa rahisi.

Swali: Nimeonyeshwa kitabu kidogo cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi, ambacho muuzaji anasema kilipigwa chapa na Aldus Manutius wa Venice mwanzoni mwa karne ya 16. Herufi zake ni za mlazo, lakini hakuna jina la mpiga chapa, mji wala mwaka. Je, ni cha kweli, na nitajuaje kama kimekamilika?

Jibu: Swali lako linagusa mojawapo ya visa vya kusisimua zaidi katika historia ya upigaji chapa. Virgil wa mwaka 1501 ndicho kitabu ambacho Aldus alikipiga chapa chote kwa herufi za mlazo kwa mara ya kwanza, tena katika umbo dogo linaloshikika kwa mkono mmoja. Mafanikio hayo yaliwavutia wapiga chapa wa Lyon, nchini Ufaransa, ambao upesi walianza kutoa nakala za kuiga. Mwaka 1503 Aldus alitoa onyo la hadharani akieleza jinsi ya kuzitambua: hazitaji mpiga chapa, mahali wala mwaka, karatasi yake ni duni na ina harufu nzito, na irabu hazikuunganishwa na konsonanti kama katika herufi zake. Aliorodhesha pia makosa ya maandishi yaliyomo, na watu wa Lyon wakaitumia orodha hiyohiyo kusahihisha matoleo yao yaliyofuata.

Kwa hiyo, kukosekana kwa jina, mji na mwaka ni sababu nzito ya kukishuku kitabu ulichoonyeshwa, ingawa kwanza lazima uhakikishe kwamba karatasi ya mwisho, ambako taarifa hizo kwa kawaida huwekwa, haikuchanika ikapotea. Usitegemee nembo maarufu ya pomboo aliyejiviringisha kwenye nanga. Aldus alianza kuitumia mwaka 1502, hivyo Virgil wa mwaka 1501 hana nembo hiyo, na kuikosa si dalili ya kuigwa. Ikithibitika kuwa ni kazi ya Lyon, usikitupilie mbali, kwani nakala hizo nazo zina wakusanyaji wake; kinachotakiwa ni kwamba bei na maelezo ya muuzaji vilingane na ukweli.

Kuhusu ukamilifu, nakuomba uwe na subira, kwa maana hapa ndipo wakusanyaji wengi wapya hupoteza fedha. Usihesabu kurasa, hesabu karatasi na mikunjo yake. Kitabu cha aina hiyo kimeshonwa kwa mafungu ya karatasi nane nane, na kila fungu lina herufi yake chini ya ukurasa: a, b, c na kuendelea. Kwa kawaida karatasi nne za kwanza za fungu ndizo zenye alama, na nne zinazofuata hazina, kwa kuwa ni nusu ya pili ya mkunjo uleule. Fungu la i likifuatwa na k, usidhani kwamba kuna fungu lililoibwa, kwa sababu alfabeti ya Kilatini waliyoifuata wapiga chapa ilikuwa na herufi 23, haina j wala w, na u na v zilihesabiwa kuwa moja. Matoleo mengi ya wakati huo yana orodha ya mafungu mwishoni. Ifuate hatua kwa hatua, kisha linganisha na maelezo ya nakala iliyoko katika maktaba kubwa. Karatasi tupu nayo ni sehemu ya kitabu ikiwa imo katika hesabu hiyo.

Mimi ningechagua nakala kamili yenye madoa ya maji na jalada lililochoka, kuliko yenye ngozi mpya ya kupendeza iliyopungukiwa karatasi mbili. Jalada hutengenezeka; karatasi ya mwaka 1501 haichapishwi tena.

Swali: Je, vitabu vya historia vya karne ya 19 kuhusu Ugiriki vina faida yoyote leo, au vimepitwa na wakati?

Jibu: Inategemea kilichogunduliwa baada ya kuandikwa kwake. Maandishi ya Aristotle kuhusu katiba ya Athens yalichapishwa mwaka 1891 kutoka katika hati za mafunjo zilizopatikana Misri, kwa hiyo historia yoyote ya demokrasia ya Athens iliyoandikwa kabla ya hapo haikuwa na ushahidi huo. Vivyo hivyo, mwandishi aliyezungumzia Mycenae, mji wa kale wa Ugiriki, kabla ya mwaka 1952, Michael Ventris alipofumbua mwandiko wa kale wa huko uitwao Linear B, hakujua kwamba lugha ya mwandiko huo ilikuwa Kigiriki. Lakini kamusi ya Kigiriki ya Liddell na Scott, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1843, ingali ikitumika katika toleo lake la tisa, na michoro ya majengo iliyochorwa kabla hayajaharibika zaidi haina mbadala.

Swali: Ngozi ya vitabu vyangu inabaki mikononi kama vumbi jekundu. Nipake mafuta?

Jibu: Usipake. Ngozi hiyo imeliwa na asidi, na mafuta huongeza madoa bila kuirudisha katika hali yake. Ifunge kwa karatasi isiyo na asidi au uweke kitabu katika sanduku lake, mbali na jua na unyevu, na mwachie fundi wa kuhifadhi vitabu kazi ya kuiimarisha.

Swali: Kitabu nilichopenda kina muhuri wa maktaba. Ninunue?

Jibu: Maktaba huuza vitabu visivyohitajika, na mara nyingi huweka muhuri wa pili unaoonyesha kwamba kitabu kimeondolewa. Ukiukosa muhuri huo, au ukiona sehemu iliyokwanguliwa, iliyokatwa au iliyooshwa kwa dawa, simamisha ununuzi. Hatari hii ni ya kweli: mwaka 2012 iligundulika kwamba maelfu ya vitabu vilikuwa vimeibwa katika maktaba ya Girolamini mjini Naples, na mkurugenzi wake mwenyewe akahukumiwa kifungo mwaka uliofuata. Mwombe muuzaji hati ya maandishi ya mahali alikokipata kitabu, kisha uiandikie maktaba yenye muhuri huo, ukitaja jina la kitabu, mwaka wa chapa na namba iliyoandikwa mgongoni, na usilipe kabla hujajibiwa.