Waipa ya taa imeganda na maji hayatoki: Mercedes W124

Kwenye Mercedes W124 yako, waipa ndogo inayofuta kioo cha taa ya mbele ya kushoto haisogei, ya kulia inafanya kazi, na maji ya kuoshea taa hayatoki upande wowote. Hizo ni hitilafu mbili, zishughulikie moja moja.

Kwa waipa, kwanza acha kubonyeza swichi. Maji hupenya kwenye ekseli ya mota, grisi ya zamani hukauka na kutu hushika. Mota ikilazimishwa huungua. Weka alama mahali mkono wa waipa unapolala, fungua nati, uutoe kwa kuutikisa taratibu. Ukiuchokonoa kwa bisibisi utapasua kioo cha taa. Washa taa kubwa, bonyeza maji: ekseli ikizunguka yenyewe, meno ya mkono yameliwa. Isipozunguka, pima plagi ya mota wakati umebonyeza. Ukipata volti 12, ni mota. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha, ujaribu tena. Usiizungushe kwa koleo, utavunja gia za ndani.

Kwa maji, sikiliza pampu. Ikilia, chomoa mpira wa maji karibu na taa. Maji yakifika hapo, tundu la kurushia limeziba kwa chokaa, ule ukoko mweupe mdomoni mwake. Loweka kwenye siki ya uvuguvugu nusu saa, zibua kwa sindano nyembamba. Yasipofika, kagua mipira kwenye kona. Ikizeeka hukakamaa na kupasuka hapo.

Badilisha raba za waipa zikiwa ngumu. Na ukija kufunga taa za plastiki, ondoa waipa kabisa, zitazikwaruza.