Saa Sita Usiku ya Siku Ipi?

Mwaka juzi niliomba kazi mtandaoni. Tangazo lilisema mwisho ni "12:00 a.m., 15 March". Nikajiambia, tarehe 15 saa sita usiku, basi siku nzima ninayo. Siku hiyo saa nne asubuhi nikaenda steshenari moja ya Sabasaba, hapa Dodoma, nikaskani vyeti, nikalipa. Kijana wa pale alipofungua ukurasa, ukatokea mstari mmoja mwekundu: maombi yamefungwa. Nilibaki nimesimama na bahasha mkononi, siamini.

Yalikuwa yamefungwa tangu saa sita usiku, muda wa saa kumi nzima kabla sijafika. Kwa Kiingereza siku mpya huanza saa sita usiku, na a.m. ni kifupi cha Kilatini, maana yake kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo 12:00 a.m. ya tarehe 15 ndiyo mwanzo wa tarehe 15, sio mwisho wake. Sisi tunasema usiku wa kuamkia tarehe 15, na hakuna anayekosea. Tangu siku ile, nikiona 12:00 a.m. naandika kwanza kwenye daftari "usiku wa kuamkia", ndipo nahesabu siku zilizobaki. 12:00 p.m. nayo ni saa sita mchana. Kama wewe ndiye unayeandika tangazo, tafadhali weka 11:59 p.m., uwaokoe wenzako.

Kuna jingine linalotuponza maofisini: "by" na "until". Zote tunazitafsiri "mpaka", na hapo ndipo tunapopotea. Mpwa wangu, anafanya kazi Mtumba, hapa hapa Dodoma, alikuwa Morogoro msibani. Akamwandikia mkuu wake: "I will be in Dodoma until Monday." Alitaka kusema ifikapo Jumatatu atakuwa amerudi. Mkuu akaelewa kwamba yuko Dodoma na ataondoka Jumatatu, akampangia kikao cha Ijumaa. Ukiweza kusema "ifikapo" au "kabla ya kupita", tumia "by". Kama ni hali inayoendelea, kisha inakoma, tumia "until".

"Fortnight" haina shida, ni wiki mbili; asili yake ni usiku kumi na nne. "Biweekly" ndiyo ya kuogopa: yaweza kuwa mara mbili kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na hata wenye lugha yao hawaelewani. Mimi nikiikuta kwenye mkataba sisaini kwanza. Naandika swali moja, "Every two weeks?", nasubiri jibu.