Adenovirusi kwa mtu mzima: vipo, ila si kwa wingi

Mleta uzi ana miaka 34. Kapimwa kooni, jibu limesoma adenovirusi (kundi la virusi vinavyoleta homa, kuumwa koo na macho mekundu), na mwenzake kamwambia hivyo ni vya watoto, maabara wamechanganya sampuli. Mkuu, si lazima wawe wamechanganya. Nimefanya kazi ya kupima vijiti vya pamba vya puani na kooni kwa miaka kadhaa, na mwenyewe vimeshaniangusha kitandani.

Katika watu wazima 100 wanaokuja na kikohozi, mafua na homa ya ghafla, wenye adenovirusi kwa kawaida ni kati ya mmoja na saba. Wanaojaza daftari ni virusi vya mafua ya kawaida na influenza. Watoto wanavipata zaidi kwa sababu ndio kwanza wanakutana navyo. Sisi wengi tulishaugua aina kadhaa utotoni na kinga ikabaki. Lakini aina zinazompata binadamu zimepita 50, na kinga ya aina moja haikukingi sawasawa dhidi ya nyingine. Hapo ndipo mtu mzima ananaswa.

Kuna watu wazima ambao hesabu hiyo haiwahusu: makuruti. Vijana wengi, bweni moja, uchovu, usingizi haba. Jeshi la Marekani liliteswa na aina ya 4 na ya 7 hadi likaanza kutoa chanjo ya vidonge mwaka 1971. Utengenezaji ukasimama, akiba ikaisha 1999, homa zikarudi kambini, na chanjo ikarejeshwa 2011. Raia wa kawaida hapewi.

Mimi ilianza na koo, kama nimemeza mchanga. Homa ikagonga 39 kwa siku tano. Siku ya tatu jicho la kushoto likawa jekundu, asubuhi kope zimegandana, kesho yake na la kulia. Daktari alimulika akaona tonsili zina utando mweupe, damu ikaonyesha chembe nyeupe zimepanda, akaandika antibiotiki. Simlaumu hata kidogo. Adenovirusi vinaigiza bakteria vizuri kuliko virusi vingi vya njia ya hewa. Nilimeza siku tatu bila nafuu, ndipo kipimo kikatoka. Koo na macho kwa pamoja, ukiviona, vishuku hivi.

Sasa angalizo ambalo wengi hawaambiwi. Virusi hivi hujificha kwenye tonsili na vinaweza kuendelea kutoka mwilini kwa wiki au miezi baada ya kupona. PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya virusi, ni kali, inaokota hata mabaki. Kwa hiyo muulize daktari kama jibu lako lina virusi vingi au kidogo, na kama kuna kirusi kingine kilichoonekana pamoja nacho. Jibu la "vipo" peke yake halisemi kuwa ndivyo vinavyokuumiza leo.

Tiba? Maji, kupumzika, dawa ya kushusha homa. Ukianza kubanwa pumzi, au kama kinga yako iko chini, mfano umepandikizwa uboho, usisubiri, rudi hospitali. Na sanitaiza usiitegemee sana: virusi hivi havina ule utando wa mafuta ambao spiriti huuyeyusha. Osha mikono kwa sabuni na maji mengi, taulo lako liwe lako tu. Mimi nilisahau hilo la taulo, na mwenzangu ndani ya nyumba akaamka na jicho jekundu wiki iliyofuata.