Kilomita 450 si dakika 40

SWALI: Naishi Moshi. Nimekatiwa tiketi ya KIA (uwanja wa Kilimanjaro) kwenda Dar ya saa 5:00 asubuhi, na nyingine ya shirika tofauti, Dar kwenda Dubai, saa 7:30 mchana. Tiketi inaonyesha nafika Dar saa 6:15, ila aliyenikatia anasema hiyo ni ziada wanayojiwekea: kilomita ni 450, ndege inakimbia 650 kwa saa, dakika 40 imetua. Nitawahi?

JIBU: Hutawahi, ndugu yangu. Badilisha tiketi ya Dar leo hii, uchukue ndege ya alfajiri au ukalale huko.

Hesabu hiyo ya kugawa kilomita kwa mwendo naletewa kila wiki, na kila wiki inanikera. Ni kweli, kwa mstari ulionyooka KIA na Dar zimeachana kilomita 450 hivi, na ndege kubwa ya pangaboi hufikia mwendo huo. Hufikia ikishatulia juu. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi si ya matairi kuacha lami. Ni ya kijana wa chini kuvuta kabari kwenye magurudumu. Mimi dakika hiyo naiandika, na safari haihesabiwi kuisha mpaka kabari zirudishwe Dar. Hapo katikati ndege inatambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, inasubiri ruhusa, inapanda. Chini ya futi 10,000 kikomo cha kawaida ni kilomita 463 kwa saa. Ikikaribia Dar inapunguza tena, inapangwa nyuma ya wenzake. Hiyo ndiyo “ziada” anayokwambia.

Na upepo je? Kusi likivuma kwa kilomita 40 kwa saa usoni, pangaboi kubwa itapoteza dakika tatu tu. Lakini kwa vile vindege vya injini moja vya Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, kwenda Zanzibar, kilomita 430 kwa mwendo wa 320, upepo huohuo unageuza dakika 80 kuwa 92. Umbali haukubadilika hata hatua moja.

Turudi kwako. Hata ukifika saa 6:15 kamili, kaunta nyingi za safari za nje hufungwa saa nzima kabla, yaani saa 6:30. Unabaki na robo saa ya kushuka, kungoja begi na kulipeleka kwenye kaunta ya shirika jingine. Tena tiketi zikiwa mbili tofauti, shirika la kwanza likikuchelewesha, la pili hulidai wala halikujui. Mimi kwa safari ya namna hiyo sikubali chini ya saa nne.

Ndiyo maana vishoka wa tiketi wananiudhi. Wanafungua simu, wanasoma umbali, wanachukua hela, na mtu anabaki amekaa juu ya begi uwanjani na viza inayokaribia kwisha. Hao hao humuuzia mtu tiketi “ya Arusha” bila kumwambia ni uwanja upi. Nimepokea familia Kisongo, watoto wamevalishwa vizuri, ndege yao inaita abiria KIA, zaidi ya kilomita 50 upande wa pili wa jiji. Kabla hujatoa hela, mwambie akuonyeshe herufi tatu kwenye tiketi: JRO ni KIA, ARK ni Kisongo.