Datsun 240Z: kipi ubadilishe, kipi ukiache

Ukinunua Datsun 240Z kuukuu, lile gari la michezo la Kijapani la miaka ya 1970, swali halikawii: ulirudishe lilivyotoka kiwandani, au ulitie vya kisasa? Mimi nalitengeneza langu hapa Nairobi, na msimamo wangu ni huu: chochote kinachoweza kuwasha moto au kuua mtu kibadilishwe, lakini kwa namna ambayo atakayelimiliki baadaye anaweza kukirudisha cha zamani. Mengine yaache.

Anza na nyaya. Kwenye magari haya umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye boksi la fyuzi na swichi ya pale kwenye usukani. Plastiki hiyo ina zaidi ya miaka 50 sasa. Endesha usiku kwa muda, simama, lishike boksi. Likiwa na joto, na plastiki kandokando ya fyuzi za taa imegeuka kahawia, usingoje. Mwambie fundi umeme afunge rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo) karibu na taa, zivute umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, zikiwa na fyuzi zake. Swichi ya zamani inabaki palepale, kazi yake sasa ni kuamsha rilei tu. Asikate waya wa kiwandani hata mmoja.

Platini, yaani vidude vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche, haziui mtu, lakini nazo zitoe bila majuto. Distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda) ya elektroniki ya Datsun 280ZX, gari lililokuja baadaye, inaingia kwenye injini hizi za aina ya L.

Kwenye kabureta ndipo ninapobishana na wengi. Wanasema zinasumbua, weka injeksheni (mfumo unaopuliza petroli bila kabureta). Mara nyingi hazisumbui, hazijarekebishwa tu. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopangwa Mombasa huku itakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Chini ya kila kabureta kuna nati: ukiipandisha, petroli inapungua. Zungusha kidogo kidogo, zote mbili sawasawa, na usikilize injini.

Injini yenyewe usiing'oe. Silinda zile sita ndizo gari. Isitoshe, namba ya injini imo kwenye logbook, na mnunuzi makini ataikagua kabla hajauliza bei.

Kuna wanaotetea mabadiliko makubwa kwa mfano wa mbio za magari za Safari Rally: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1971 kwa 240Z, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda 1973, na magari yao hayakuwa ya dukani. Kweli kabisa. Lakini mabadiliko yale ni historia ya magari yale. Gari lako likiwa na bamba la kukinga injini au mabano ya taa za ziada tangu enzi hizo, usithubutu kuyatoa ili lifanane na picha za kiwandani.

Kila spea unayoitoa itie kwenye boksi pamoja na karatasi: imetoka wapi, lini, na waya wa rangi gani ulikuwa umefungwa wapi. Ukiliuza gari, boksi liende nalo.