Nilivyoudhibiti Mwani katika Tangi la Samaki la Lita 40

Hapa kwetu Unguja, ukitaja mwani mbele ya mtu wa Paje au Jambiani, atafikiri kamba, vigingi na kina mama wanaoanika mavuno yao juani. Mwani ninaouzungumzia mimi hauna mnunuzi: ni utando wa kijani unaoganda kwenye kioo cha tangi la samaki wa maji baridi, na nyuzinyuzi zinazojisokota kwenye majani ya mimea hadi yakafifia kwa kukosa mwanga. Tangi langu lina urefu wa sentimita 50, upana wa 30 na kimo cha 30, nalo hubeba kiasi cha lita 40 baada ya kuondoa nafasi ya mchanga. Nimejifunza humo kwamba mara nyingi tatizo hili huanzia kwenye mwanga, na asiyeushughulikia mwanga kwanza atapoteza fedha katika mengine yote.

Nililiweka tangi karibu na dirisha linaloelekea mashariki, kwa sababu soketi ilikuwa hapo hapo. Jua lililipiga tangu saa moja hadi karibu saa nne asubuhi, kisha jioni nikirudi kazini nikawa nawasha taa na kuizima ninapokwenda kulala. Wiki za mwanzo vioo vilipata vumbi la rangi ya kahawia, ambalo ni diatomu, yaani vimelea vya mwani vidogo mno visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Hizo ni za kawaida katika tangi jipya na hupungua zenyewe linapotulia, hivyo ukiziona zifute kwa sponji na usihangaike. Mwezi wa pili ndipo ulipokuja mwani wa kijani, nami nikakimbilia dawa.

Muuzaji mmoja aliniuzia chupa ya kuua mwani bila kunieleza kuwa ndani yake mna shaba, nami sikusoma maandishi. Shaba huua mwani, lakini huua pia konokono na uduvi hata kwa kipimo ambacho samaki hukistahimili. Konokono wangu, waliokuwa wakiula mwani huo bila ya malipo, walikufa wote kwa siku mbili, na baadhi yao wakaozea kwenye mizizi nisikoweza kuwafikia. Uozo ule ukatoa amonia, ambayo nayo huulisha mwani, na baada ya wiki tatu mwani ukarudi mzito kuliko wa awali. Muuzaji huyo huyo alikuwa ameninadia pia samaki "msafishaji" mwenye mdomo wa kufyonza. Namshukuru Mungu sikumchukua, maana aina anayouzwa zaidi kwa jina hilo hukua hata kupita sentimita 30, na kinyesi chake ni mbolea kwa kile kile unachotaka akuondolee.

Kilichofaa kilikuwa rahisi zaidi. Tulilipunguza maji tangi, tukalihamishia kwenye ukuta usiofikiwa na jua, kisha nikanunua taima ya kuchomeka kwenye soketi, nikaipanga iwashe taa saa kumi na mbili jioni na kuizima saa sita usiku. Muda huo unatosha kwa tangi lisilopewa hewa ya ukaa kutoka kwenye mtungi. Mimea ikishaenea unaweza kuongeza nusu saa kila baada ya wiki mbili, huku ukikiangalia kioo, na usipite saa nane kwa siku. Katika wiki hizo usibadili jambo jingine lolote, kwani hutajua lipi lililofanya kazi.

Baada ya mwanga, shughulikia mimea inayokua haraka, kwa kuwa ndiyo inayogombania virutubisho vya majini, yaani naitreti na fosfeti, pamoja na mwani. Hapa pana jambo linalokihusu kisiwa chetu hasa. Maji ya visima vyetu vingi hutoka katika mawe ya chokaa, kwa hiyo ni magumu, yaani sabuni haitoi povu kwa urahisi na birika huota magamba meupe. Mimea mingi inayovutia pichani hutegemea hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, ambayo katika maji ya namna hiyo huwa kidogo, na mimea ikidumaa mwani hupata nafasi. Valisneria, yenye majani marefu kama utepe, na seratofilamu, isiyo na mizizi na inayofanana na mkia wa paka, zinaweza kutumia kaboni iliyomo katika bikaboneti, yaani chumvi zilizoyeyuka katika maji magumu; ndiyo maana kwangu zimestawi ilhali aina tatu nyingine zimeoza. Jaza nusu ya tangi kwa mimea hiyo tangu siku ya kwanza. Mawe ya matumbawe tunayoyaokota bure yaache nje, kwani huzidi kuyafanya maji kuwa magumu.

Chakula kiwe kile ambacho samaki watakimaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku, na kopo lisiachwe mikononi mwa watoto. Kila wiki toa theluthi moja ya maji. Maji ya kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo huweza kuwa na naitreti nyingi, na hapo utakuwa unaulisha mwani kila unapobadilisha. Mimi huchanganya na maji ya mvua ya masika, niliyoyakinga baada ya mvua za mwanzo kuosha bati. Sponji ya kichujio isuuze katika maji uliyoyatoa tangini, usiisuuze bombani, ili bakteria wake wanaosafisha maji wasiuawe na klorini, dawa inayotiwa katika maji ya bomba.

Maji yenyewe yakigeuka kijani, badilisha nusu yake, zima taa, kisha lifunike tangi lote kwa siku tatu au nne. Mimi nilitumia buibui kuukuu la mama, lililokunjwa mara mbili. Pampu ya hewa iendelee kufanya kazi, kwa sababu gizani mimea huvuta oksijeni badala ya kuitoa, na katika joto letu maji hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika katika siku hizo, fungua upesi. Ukimaliza, badilisha nusu ya maji tena ili mwani uliokufa usiozee humo.

Siku hizi nafuta kioo cha mbele kila Ijumaa asubuhi. Cha nyuma nimewaachia konokono wapya.