Je, D'Arcy McGee aliisaliti Ayalandi?
"Msaliti" ni neno jepesi mno. Mwaka 1848 Thomas D'Arcy McGee alikuwa mwasi wa Young Ireland, kundi la wazalendo wa Ayalandi waliotaka kujitenga na utawala wa Uingereza, kisha akakimbilia Marekani na kuhariri magazeti ya kuipinga Uingereza. Kilichomgeuza ni Marekani yenyewe, hasa chuki ya Know-Nothing, chama cha siasa cha Marekani, dhidi ya wahamiaji Wakatoliki. Alipohamia Montreal mwaka 1857 alikuta shule za Kikatoliki zinalindwa kisheria na koloni la Kanada linaendesha mambo yake ya ndani, jambo ambalo Ayalandi ilinyimwa. Ndipo, akiwa mwanasiasa huko, akapigania "taifa jipya" la Kanada chini ya Malkia wa Uingereza. Kilichomponza, naona, ni ukali wa ulimi: alivyowashambulia hadharani Wafeniani, wanamapinduzi waliotaka kuing'oa Uingereza Ayalandi kwa silaha, alijipotezea Waayalandi wengi waliompigia kura. Alipigwa risasi Ottawa, 7 Aprili 1868.